Leza Mlimani: Mjadala Kutoka Kariakoo

Hoja ni hii: Tanzania ijenge kituo chake cha kufuatilia setilaiti kwa leza, mahali pa juu penye anga safi. Vituo vya namna hiyo vipo Haleakalā huko Hawaii, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Kipo Arequipa, Peru. Kipo Matera, Italia, na kingine Wettzell, Ujerumani. Kwa Afrika, kinachojulikana zaidi ni cha Hartebeesthoek, si mbali na Johannesburg. Misri nayo iliwahi kuendesha chake Helwan, kusini mwa Cairo, kwa kushirikiana na Wacheki. Katikati ya hivyo viwili, yaani Afrika Mashariki nzima na Bonde la Ufa lake, hakuna kitu.

Hoja hii nimeileta Kariakoo badala ya ukumbi wa hoteli kwa sababu hapa ndipo anga inapouzwa. Pita Mtaa wa Aggrey uone: simu, ving'amuzi, na vile vidude vyeusi vinavyofichwa chini ya dashibodi ili mwenye gari ajue dereva kapita wapi. Kama hoja haiwezi kusimama mbele ya watu wanaokula kwa biashara hiyo, haina sababu ya kupelekwa Dodoma. Wanaozungumza nimewataja kwa shughuli zao.

MAMA WA DUKA: Mimi nauza vifaa vya kufuatilia magari. Mtu anakifunga kwenye Fuso lake linakwenda Tunduma, yeye amekaa zake Tabata anaangalia kwenye simu: gari limesimama Mikumi, limeondoka, limeingia Iringa. Mteja anarudi kunishukuru. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mlimani kuna leza. Sasa mnataka serikali itoe mabilioni ipime nini ambacho hakijapimwa? Na mkisema vipimo, mimi nina vya kwangu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa kwetu, wakafa watu wasiopungua 29. Tulikuwa tunaambiwa kuna watu bado wanaongea chini ya kifusi. Siku ile hatukupungukiwa na setilaiti. Tulihitaji jicho la mkaguzi, lije mapema. Anzeni na hilo.

Kauli hiyo ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa, na mtu yeyote anayetetea leza bila kuijibu ajue bado hajaanza kutetea. Aliyeichukua kwanza ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya upimaji ardhi.

MPIMA: Mama, nakuunga mkono kuhusu mkaguzi. Lakini hebu tutazame ile mizani ya mchele pale sokoni. Wakala wa Vipimo wanakuja, wanaikagua, wanaipiga muhuri. Wewe humwamini muuzaji, unauamini muhuri. Na wakala nao wana mawe yao ya kulinganishia, wasingekuwa nayo wangekagua kwa nini? Hicho kifaa chako kinaambiwa na setilaiti: mimi niko hapa, wewe uko umbali huu. Setilaiti ikikosea yenyewe iko wapi, na Fuso linakosewa. Lazima awepo mtu ardhini mwenye kipimo kingine, ailinganishe. Leza ni mojawapo ya vipimo hivyo, na ni katika vile vya mwisho kabisa, ambavyo juu yake hakuna kingine.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Darubini inageuzwa kuifuata setilaiti inavyokatiza anga, na leza, mara nyingi ya kijani, inapiga mipigo mifupi ya mwanga. Setilaiti imebandikwa vioo vilivyokatwa kwa pembe, ambavyo hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. LAGEOS, iliyorushwa na Marekani Mei 1976, ni tufe lenye kipenyo cha sentimita 60 na vioo 426. Halina betri wala redio, linazunguka kwenye kimo cha kama kilomita 5,900. Mwanga unalifikia na kurudi kwa takriban sehemu 40 za elfu moja za sekunde. Katika mabilioni ya chembe za mwanga zilizotumwa, zinazorudi ni za kuhesabika, pengine moja tu. Saa ya kituoni inapima muda wa safari hiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo: saa ikikosea sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umbali umeshapotoka kwa sentimita 15. Vituo vizuri vya leo vinapata umbali huo kwa usahihi wa milimita.

MWALIMU WA FIZIKIA: Mzee wangu, ruhusu nikusahihishe kidogo, nisije nikaonekana nimenyamazia jambo. Setilaiti za GPS kwa siku hadi siku zinafuatiliwa kwa redio, si kwa leza. Leza inatoa kitu kingine, na kwangu mimi ndicho kikubwa zaidi. Ramani zote za kisasa zinahesabu mahali kuanzia kitovu cha uzito wa dunia. Hakuna aliyewahi kufika huko. Kitovu hicho tunakijua kwa kutazama namna setilaiti kama LAGEOS zinavyokizunguka, na mfumo wa kimataifa wa rejea unapata kitovu chake kutokana na leza peke yake. Simu zote za dukani kwa mama zinahesabu kuanzia hapo, bila wenyewe kujua. Sasa vituo vikiwa vingi Ulaya na vichache kusini, hesabu nayo inaegemea upande mmoja.

BODABODA: Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Mimi swali langu dogo. Abiria ananiita kwenye simu, ramani inaniambia yupo Mtaa wa Sikukuu, nikifika yupo Narung'ombe, ananifokea. Hiyo leza yenu itanisaidia?

MWALIMU WA FIZIKIA: Hapana. Hapo mawimbi ya setilaiti yanagonga maghorofa na kuruka, simu inapokea yaliyochelewa. Leza haitalitibu hilo.

Nilifurahi kwamba mwalimu alijibu "hapana". Sayansi nyingi katika nchi hii zimeuzwa kwa ahadi ambazo si zake, na mwananchi akishagundua hasikilizi tena.

MPIMA: Basi mimi nitasema inalosaidia, kwa kuwa nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Ramani tulizoachiwa na mkoloni zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Ukichukua namba za sehemu moja kwenye ramani hizo, ukaziingiza kwenye kifaa cha GPS bila kuzibadilisha, unahama kama mita 300. Mita 300 hapa Kariakoo ni mitaa kadhaa! Unatoka kwenye kiwanja cha mtu unaangukia cha mwingine, mwenye hati yake na ukoo wake. Ndiyo maana nchi ikatengeneza mfumo mpya, TAREF11, uliofungwa kwenye ule wa kimataifa. Sasa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: ardhi yenyewe inahama. Bonde la Ufa linafunguka milimita chache kila mwaka. Bikoni niliyoizika nikiwa kijana upande mmoja wa ufa, na nyingine upande wa pili, leo umbali wake si ule ule.

MAMA WA DUKA: Milimita, mzee? Watu wanang'oa bikoni usiku na kuzihamisha mita tano, wewe unanihesabia milimita?

MPIMA: Anayeng'oa bikoni anashtakiwa kwa ushahidi wa namba. Bikoni ikipotea, namba zake ndizo zinazonirudisha mahali pale pale. Namba zikiwa mbovu, mwizi wa kiwanja anashinda kesi.

Mama wa duka alinyamaza hapo. Kuna kiwanja chake Chanika kina shauri baraza la ardhi, na baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo neno pekee la mzee lililomgusa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha hoja hii inapenya wapi. Anayepigania kiwanja anataka kujua kesi yake itasimama juu ya nini, hata kama habari za kitovu cha dunia hazimhusu.

Mpima alikuwa na mfano mwingine, wa Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Mwaka 2007 eneo hilo lilipigwa na mfululizo wa matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi, na Septemba mwaka huo volkano ikalipuka. Baadaye Chuo Kikuu Ardhi, kwa kushirikiana na Virginia Tech ya Marekani, walisimika vituo vya GPS kuuzunguka mlima. Picha za rada za setilaiti nazo zimeonyesha kwamba kati ya 2013 na 2023 ardhi ya karibu na kilele ilikuwa ikishuka hadi sentimita 3.6 kwa mwaka. Kule chini wanaishi Wamaasai na mifugo yao. Ili useme mlima umeshuka sentimita tatu, lazima uwe na sehemu unayoiamini kwamba haikushuka. Sehemu hiyo inatokana na mfumo wa rejea, na mfumo unatokana na vituo hivi.

Mpaka hapo upande wa leza ulikuwa unaelekea kushinda. Ndipo akasema bibi mmoja wa Unguja, mjane wa mfanyabiashara wa karafuu, aliyehamia Kariakoo kwa mwanawe.

BI MKUBWA: Wanangu, nyie mnazungumza kama kwamba jambo hili ni jipya. Sisi tushaliona. Kwetu Unguja, Tunguu, Wamarekani walijenga mitambo yao ya kufuatilia watu wao walioko angani. Nilikuwa mtoto wa chuoni bado. Wakubwa wakibishana barazani: watu wa chama cha Hizbu wakisema hii mitambo ni ya vita, vita vikija tutapigwa sisi. Wengine wakisema hasha, ni elimu na kazi. Yule John Glenn alipozunguka dunia, Februari 1962, alipopita juu ya Unguja alizungumza na watu wa Tunguu. Unguja! Lakini nakuulizeni, ni Mzanzibari gani aliyefundishwa kuikamata ile sauti? Yakaja mapinduzi, Januari 1964, Wamarekani wakachukuliwa na manowari yao, na mwezi wa Aprili Mzee Karume akawaambia waondoe mitambo yao. Wakaiondoa. Nendeni Tunguu mkatazame kilichobaki.

Hakuna aliyejibu haraka, na mimi sikutaka ajibiwe haraka. Mitambo ya kazi hiyo ilihamishiwa Tananarive, Madagaska, na huko nako kituo kikafungwa mwaka 1975 baada ya siasa kubadilika. Mwaka ule ule wa 1964, tarehe 31 Oktoba, wataalamu wa kituo cha NASA cha Goddard huko Maryland walipiga leza kwenye setilaiti ya Explorer 22 na kupokea mwanga uliorudi, kwa mara ya kwanza katika historia. Pwani yetu ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani kabla leza haijaanza kazi hiyo. Tulitangulia, tukabaki mikono mitupu.

BODABODA: Na Malindi je? Si nasikia Wakenya walikuwa na roketi?

MWALIMU WA FIZIKIA: Roketi ziliruka kutoka baharini, karibu na Malindi, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano. Desemba 12, 1970, siku Kenya inaadhimisha uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru. Jina la Kiswahili, katika vitabu vya unajimu wa dunia nzima! Lakini roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini 2016, wakala wa anga wa Kenya ukaundwa 2017, na setilaiti yao Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023, kutoka Marekani. Hesabu mwenyewe miaka kutoka Uhuru hadi Taifa-1.

Hata hivyo, mwalimu alikuwa na jibu kwa bi mkubwa, na jibu lenyewe lilikuwa Hartebeesthoek. Kituo kile nacho kilijengwa na NASA, mwaka 1961, wakati mmoja na Tunguu. Wamarekani waliondoka mwaka 1974, katika miaka ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeifanya Afrika Kusini ikimbiwe. Lakini lile dishi la mita 26 lilibaki, na waliokuwa wakilihudumia walikuwa watu wa pale pale. Mwaka uliofuata likawa kituo cha unajimu wa redio cha nchi hiyo. Leza ya NASA ilipopelekwa huko mwaka 2000, iliwakuta watu wanaojua kuitunza. Tusisahau kwamba "watu wa pale pale" wa mwaka 1974 walikuwa Waafrika Kusini weupe. Walio wengi walifungiwa nje ya ua. Pamoja na doa hilo, tofauti na Tunguu ipo wazi: kwa kuwa kulikuwa na mafundi wenyeji, kuondoka kwa mgeni hakukuzima taa.

BI MKUBWA: Basi msiulize mtajenga wapi. Ulizeni nani atakaa usiku.

BODABODA: Lakini mahali si panajulikana, bibi? Kilimanjaro! Leza inatoka Kilele cha Uhuru, watalii wanapiga picha.

MPIMA: Hapana, mwanangu, hata kidogo. Mwaka 2008 wataalamu wa kwetu na wa nje waliupima mlima ule upya, wakapata kama mita 5,891, pungufu ya ile 5,895 tuliyokariri shuleni. Kwenda kupima na kurudi, sawa. Kuishi kule na darubini, hapana. Umeme, maji, mtu apumue. Ni hifadhi ya taifa tangu 1973, na chini yake ndege zinatua KIA; leza lazima izimwe kila ndege inapokatiza. Na ukisema Ol Doinyo Lengai, ule kwa Wamaasai ni mlima wa Mungu, tena haujatulia.

Kuhusu milima mitakatifu, Hawaii inatosha kuwa onyo. Haleakalā ni patakatifu pa wenyeji wa Maui, na wamewahi kulala barabarani kuzuia vifaa vya darubini visipandishwe. Januari 2023 dizeli ya galoni 700 hivi ilimwagika kileleni, katika kituo cha jeshi la Marekani cha kuangalia anga. Udongo ule hauna bei. Sioni kwa nini sisi tulirudie kosa hilo tukiwa macho.

Na ukweli ni kwamba mlima mrefu si lazima. Kituo cha leza cha Herstmonceux, Uingereza, kipo karibu na usawa wa bahari na kinaheshimika duniani kote. Kinachohitajika ni mwamba usiotikisika na mawingu machache. Mpima alipoulizwa angechagua wapi, hakusita: Dodoma, au Singida. Pale kuna matale na mwamba wa zamani sana, ambao Bonde la Ufa limeukwepa likapita pembeni, na miezi ya kiangazi anga yake ni nyeupe. Kilima cha kawaida kinatosha. Umeme upo, barabara ipo, chuo kikuu kipo.

MAMA WA DUKA: Sasa hapo mnaanza kuongea lugha ninayoielewa. Ila bado hamjanijibu la jengo.

MPIMA: Nakujibu. Jengo linapokaribia kuanguka mara nyingi huwa linajisogeza kwanza. Mpima mwenye vifaa anaweza kuligundua. Lakini mpima huyo awepo, aajiriwe, na ripoti yake isomwe. Leza haitamwajiri.

MAMA WA DUKA: Basi muajirini kwanza. Na mvua zikinyesha Jangwani mto ukapanda, mabasi ya mwendokasi yanaingia maji, sisi huku biashara inasimama. Pimeni na hilo.

Hilo la maji lina uhusiano wa karibu na hoja kuliko mama mwenyewe alivyodhani. Bahari inayopokea maji ya mto huo, Msimbazi, inapanda, na kupanda kwake kunapimwa na setilaiti: TOPEX/Poseidon tangu 1992, na sasa Sentinel-6. Setilaiti hizo hubeba vioo vya leza ili kimo chake kihakikiwe kutoka ardhini. Kimo cha setilaiti kikikosewa, usawa wa bahari umekosewa, na mhandisi anayeamua ukuta wa Msimbazi uwe wa urefu gani anajenga kwa kubahatisha. Jiji la watu mamilioni halistahili kubahatishwa.

Nimewasikiliza wote, na msimamo wangu ni huu. Kituo kijengwe. Kisijengwe Kilimanjaro wala kwenye mlima wowote ambao watu wanausali. Kiwekwe kwenye mwamba wa Dodoma au Singida, chini ya Chuo Kikuu Ardhi na idara ya upimaji na ramani, si chini ya ubalozi wa mtu. Shilingi ya kwanza isiende kwenye darubini. Iende kusomesha vijana, wasichana kwa wavulana, watakaokaa Hartebeesthoek miaka kadhaa wakijifunza kuikamata chembe moja ya mwanga inayorudi, na iende kuajiri wapimaji katika halmashauri, ile inayosimamia Kariakoo ikiwa ya kwanza, ili mama wa duka asiendelee kudai kitu ambacho ni haki yake. Akija mfadhili kutoka nje, akaribishwe, na mkataba useme wazi kwamba siku akiondoka mitambo inabaki na takwimu ni zetu.

Wenye dhamana wa Wizara ya Ardhi na wa sayansi, mkataba wowote wa namna hii ukifika mezani kwenu, kabla ya kusaini nendeni Tunguu na yule bibi.